Kuteremka Ndiko Kulikoniumiza

Asubuhi ile nilitoka chooni nyumbani kwetu Mitunguu nikiwa sielewi nilichokiona. Mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa iliyochemshwa mpaka ikasahaulika motoni. Nilirudi ndani, nikanywa maji mengi, nikangoja, nikaenda tena. Ulikuwa vilevile. Sikuwa na homa, wala tumbo halikuniuma. Kilichoniuma ni mapaja na mabega, na hilo halikunishangaza, kwa sababu siku iliyotangulia tulikuwa tumekata ndizi.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Embu, na kila likizo mke wangu na mimi hufunga nyumba yetu ya kupanga mtaani Majimbo, tukamchukua binti yetu, tukaenda kuwasaidia wazazi wangu shambani. Shamba la baba limeinama kuelekea barabarani. Lori la mnunuzi haliwezi kupanda mpaka migombani, kwa hiyo kila mkungu hubebwa begani hadi chini. Siku hiyo nilibeba kama ninavyobeba kila mwaka. Nikipanda mikono mitupu nilihema kidogo. Nikiteremka na mzigo niliona nafuu, maana mteremko wenyewe ulinisukuma. Baba alisimama kando ya lori akawaambia wapakiaji, "Huyo ni mwalimu, lakini tazameni miguu yake. Hiyo ni miguu ya mtu wa shamba."

Alikuwa akisema hivyo tangu nikiwa mtoto. Mashavu ya miguu yangu yalikuwa makubwa na magumu, yakijaza soksi, na nilipokuwa mwanafunzi kila mwalimu wa michezo aliyeniona kwa nyuma alidhani amepata mchezaji. Kisha ningekimbia, naye angenyamaza. Sikuwahi kuwa na mbio. Hakuna aliyejiuliza kwa nini, hata mimi mwenyewe.

Nilipomweleza mama kuhusu mkojo, aliacha kuchambua maharagwe.

"Ni kichocho," alisema. "Mlikuwa mnaoga kwenye mtaro wa maji ya shamba toka mkiwa wadogo. Nilikataza mpaka nikachoka."

Tulienda zahanati. Walipima mkojo, hawakuona kichocho. Walipima damu, hawakuona malaria. Mhudumu alikuna kichwa, akasema kuna malaria nyingine hujificha, akanipa dawa za malaria na kuniagiza ninywe maji kwa wingi. Baada ya siku chache mkojo ukawa safi na maumivu yakaisha. Mama alimshukuru Mungu, baba akaisifu dawa, nami nikarudi Embu nikiwa nimepona ugonjwa ambao vipimo vilisema sina. Jambo hilo lilinikera kidogo, kisha nikalisahau.

Muhula ulipoanza nilipewa darasa la ghorofani. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ngazi zimekuwa ndefu. Nilianza kushika reli, kisha nikaanza kuishika kwa mikono miwili. Kwenye mkutano wa walimu nilijifunza kuchagua kiti kirefu, kwa sababu nikikaa kwenye benchi la chini nilihitaji kusukuma magoti yangu kwa viganja ili ninyanyuke. Walimu wenzangu walicheka. Mmoja aliniambia nimeanza kuzeeka kabla ya mvi. Sikuwa nimefika hata miaka arobaini.

Mke wangu, ambaye ana kibanda cha viatu mjini, aliniangalia nikiinuka mezani jioni moja baada ya chakula.

"Baba watoto, mwili umelala," alisema. "Unakaa darasani, unakaa nyumbani. Tafuta mazoezi."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watoto sayansi, nikichora mkono ubaoni, nikiwaambia warudie baada yangu kwamba mazoezi huimarisha misuli. Kwa hiyo nikajiandikisha kwenye chumba cha mazoezi kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mkufunzi alikuwa kijana mchangamfu mwenye shingo nene. Naye pia alianza na miguu yangu.

"Mwalimu, hii miguu ni mali," alisema. "Tunafanya tu juu ifanane na chini."

Aliniwekea chuma mabegani, akaniambia nichuchumae na kuinuka. Kuinuka kulinishinda mapema. Hakukata tamaa. Alikiinua chuma pamoja nami, kisha akaniachia nishuke nacho peke yangu.

"Usiachilie ianguke. Shuka nayo polepole, pigana nayo. Hapo kwa kushuka ndio msuli inajengeka."

Nilishuka polepole. Nilipigana nacho. Kesho yake sikuweza kupanda ngazi za shule bila kupumzika katikati, na mkufunzi akanicheka kwa upole, akasema kila mtu hulia mwanzoni. Niliendelea. Wenzangu tulioanza nao waliumwa wiki ya kwanza, kisha maumivu yakawaacha na vyuma vyao vikaongezwa uzito. Vyangu vilipunguzwa. Nilikuwa nikijitahidi kuliko wote na nilikuwa nikirudi nyuma. Nilikula mayai. Nilikula maharagwe na ndengu. Nilifika mapema kuliko wengine na kuondoka baada yao. Mwezi ulipoisha sikuweza kuinua birika lililojaa maji hadi kwenye rafu ya jikoni.

Asubuhi iliyofuata zoezi kali kupita yote, mkojo ulirudi kuwa mweusi.

Sasa nilichanganyikiwa kabisa. Maji ya mtaro wa Mitunguu sikuwa nimeyagusa kwa miezi. Mbu walikuwa hawajaniuma. Nilikwenda kliniki moja ya mtaani pamoja na mke wangu, na safari hii walichukua damu ya kutosha. Daktari, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini, alitazama majibu, akanitazama, akamtazama mke wangu, kisha akavua miwani.

"Vimeng'enya vya ini viko juu sana," alisema. "Mwalimu, unakunywa?"

"Maji?"

"Pombe, mwalimu."

"Sijawahi kunywa pombe maishani mwangu."

Hakubisha. Alitikisa kichwa kidogo kwa namna ya mtu aliyelisikia jibu hilo mara nyingi. Kilichoniumiza ni mke wangu. Alikuwa akiangalia viatu vyangu.

Tulipofika nyumbani alinipa chai, akakaa mbele yangu.

"Niambie tu," alisema. "Sitakasirika. Ni kule kwa mazoezi? Mnatoka pale mnapitia mahali?"

"Hatupitii mahali."

"Basi ni walimu wenzako."

"Mama watoto, mimi sinywi."

"Damu imesema."

Damu ilikuwa yangu na ilikuwa imesema. Nilianza kujichunguza kama mshukiwa. Niliwaza juu ya uji uliochacha niliokunywa kwa wakwe zangu. Niliwaza juu ya harusi ya rafiki ambapo nilipewa kikombe cha kitu kichungu gizani mwa hema na kukimaliza kwa heshima. Niliwaza juu ya muguka, yale majani ya kusisimua kama miraa ambayo majirani zangu hutafuna mchana kutwa, nikajiuliza kama harufu yake inaweza kumwingia mtu asiyetafuna. Ukiwa huelewi jambo, hakuna upuuzi usioweza kuuamini.

Daktari alikuwa ameniamuru niache pombe, niache mazoezi, nipumzike, kisha nirudi nikapimwe. Pombe sikuwa nayo ya kuacha. Mazoezi niliacha, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nilikaa nyumbani nikisoma na kumsaidia binti yetu kazi za likizo. Mke wangu alikuwa akirudi kutoka kibandani na kunisalimu kwa karibu mno, na nilijua ananusa mdomo wangu. Sikumlaumu. Wakati mwingine nilimpulizia kwa makusudi.

Niliporudi kliniki, vimeng'enya vilikuwa vimeshuka kwa kiasi kikubwa. Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Umeona? Ukiiacha, ini linapumzika."

Alinipa mkono wa pongezi. Mke wangu alilia pale pale kwenye kiti. Jumapili iliyofuata, wakati wa shuhuda, alisimama kanisani kabla sijajua anachokusudia, akasema Mungu amemfungua mume wake kutoka kwenye kifungo. Hakulitaja jina la kifungo, lakini hakukuwa na haja. Waumini walipiga makofi. Mchungaji alinikumbatia. Wazee wa kanisa walipanga foleni kunishika mkono, na mmoja wao aliniambia sikioni kwamba yeye pia alipitia hapo na kwamba mwaka wa kwanza ndio mgumu.

Nilisimama nikipokea pongezi za kuacha kitu ambacho sikuwahi kukianza. Ningekanusha, ningeonekana mwongo aliyeanza kurudi nyuma. Ningekubali, ningekuwa mwongo kweli. Nilisema amina. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilitazama uso wa mke wangu, ulivyokuwa umetulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, nikashindwa kuuharibu. Na kusema kweli, sikuwa na maelezo bora kuliko yake.

Baada ya mvua za Aprili, mume wa dada mkubwa wa mama alifariki. Dada huyo, ambaye mimi humwita mama mkubwa, ameolewa juu kwenye milima ya Imenti, kwenye majani chai, na boma lake liko chini bondeni. Barabara ilikuwa tope tupu, magari yakaachwa juu, waombolezaji tukateremka kwa miguu kwenye kijia kilichokatwa kati ya michai. Sikubeba kitu. Mke wangu alikuwa ameninyang'anya hata begi. Niliteremka nikizungumza na watu, sihemi, sitoki jasho, nikihisi nimepona. Kila hatua nilikuwa nikiuzuia mwili wangu usiporomoke, na nilidhani hiyo si kazi.

Tulikaa kwenye nyasi wakati wa ibada. Ilipofika saa ya kusimama kwa maombi, nilishindwa kuinuka kama wenzangu. Niligeuka nikapiga magoti, nikaweka viganja chini, nikanyoosha miguu makalio yakiwa juu, kisha nikapanda mapaja yangu mwenyewe kwa mikono, kama mtu anayekwea mti, mpaka nikasimama wima. Niliona aibu. Nilipoinua macho, mama mkubwa, mfiwa mwenyewe, alikuwa akinitazama kutoka upande wa pili wa jeneza.

Baadaye, watu walipokuwa wakila, alimshika mama mkono.

"Huyu mtoto wako anainuka kama ndugu yetu," alisema.

Mama aliweka sahani chini.

"Ndugu yenu yupi?" niliuliza. Nilijua mama alikuwa na kaka aliyekufa kabla sijazaliwa, lakini nilikuwa nimesikia tu kwamba aliugua.

"Alikuwa mvivu," mama alisema haraka. "Yaani, ndivyo walivyosema."

Safari ya kurudi juu barabarani ilinichosha hadi vijana wa kanisa wakanishika makwapani. Lakini asubuhi iliyofuata, tukiwa tumelala kwa wazazi wangu Mitunguu, sikuweza kuteremsha miguu kitandani. Mapaja yalikuwa yamevimba na kuwa magumu kama mbao. Mke wangu aliniletea ndoo chumbani, na alipoiona rangi ya kilichokuwa ndani alikaa kitandani.

"Lakini nilikuwa nawe siku nzima," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea njia mlangoni kwake. "Hukunywa chochote. Nilikuwa nawe siku nzima."

Tulirudi Embu kwa gari la kukodi, moja kwa moja hadi hospitali kubwa. Nililazwa, nikawekewa maji ya mshipa, kwa sababu walihofia figo. Daktari aliyekuja kuniona siku ya pili alikuwa mwanamke mfupi aliyeongea polepole. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio mbaya: ndizi, kichocho ambacho hakikuwepo, vyuma, ini, kanisa, kijia cha majani chai, mjomba niliyeambiwa alikuwa mvivu. Aliponisikia nikitaja mjomba aliacha kuandika.

"Ndugu wa mama, tumbo moja?"

"Ndiyo."

Niliporudiwa na nguvu kidogo aliniomba niketi sakafuni na kusimama. Nilisimama kwa namna ileile ya aibu. Kisha akaniomba nipande kitanda nilale kifudifudi, akabonyeza mashavu ya miguu yangu kwa vidole gumba.

"Watu huisifu sana hii miguu?"

"Maisha yangu yote."

"Si misuli yote hii, mwalimu. Sehemu kubwa ni mafuta na makovu. Misuli ilipokuwa ikiharibika, hivyo ndivyo vilivyojaza nafasi yake."

Nililala pale uso ukiwa kwenye mto, nikijaribu kuiwaza miguu yangu upya. Sikuweza.

Alipima kimeng'enya kingine, kile kinachokaa ndani ya misuli, na kiwango chake kilikuwa cha kutisha. Alituma damu yangu Nairobi ikachunguzwe vinasaba. Majibu yalichukua muda, lakini yalipofika yalithibitisha alichokuwa ametuambia mimi na mke wangu nikiwa bado wodini. Nina ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika kwa misuli, ule wa aina inayokuja polepole, ambao mtu anaweza kuishi nao hadi utu uzima bila kuujua.

Alitueleza hivi. Kila uzi wa msuli umefungwa ndani ya utando mwembamba. Ndani ya utando huo kuna protini inayoushikilia, kama uzi unaoshona gunia. Kwangu protini hiyo imetengenezwa vibaya.

"Gunia lililoshonwa vibaya likikaa tu pembeni halina shida," alisema. "Likijazwa na kuburutwa, mshono unaachia. Misuli yako ikifanya kazi nzito, utando unachanika na vilivyo ndani vinamwagika kwenye damu. Figo zinavichuja, ndiyo maana mkojo unakuwa mweusi."

"Mbona kuteremka?" niliuliza. "Nikiteremka sichoki kabisa."

"Kwa sababu ukipanda, msuli unajikunja. Ukiteremka, msuli unavutwa urefuke huku ukijaribu kukuzuia usianguke. Unavutwa huku na huku kwa wakati mmoja. Hata kwa mtu mzima wa afya, hapo ndipo msuli huchanika kidogo, ila wake hujirekebisha ukawa imara zaidi. Wako hujirekebisha pia, lakini si kikamilifu. Kila mara panabaki kovu."

Nilimkumbuka kijana wa chumba cha mazoezi akiniambia nipigane na chuma nikishuka. Hakuwa amenidanganya. Alikuwa amenifundisha vizuri kitu ambacho kwa mwili mwingine kingekuwa kweli.

Mke wangu aliuliza, "Na lile ini?"

"Ini lake liko sawa. Vile vimeng'enya havikai kwenye ini peke yake, hata misuli inavyo. Misuli ikichanika, vinapanda. Akipumzika, vinashuka."

"Kwa hiyo hakuwa anakunywa."

"Pombe haikuhusika hapa, mama."

Mke wangu alifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa. Nilidhani analia, na pengine alilia kidogo, lakini alipokifunua alikuwa akinitazama kwa hasira.

"Sasa kanisani nitawaambia nini?" alisema.

Nilicheka mpaka mapaja yakauma, kisha nikaogopa kwamba hata kucheka kunachana kitu.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo mambo yangeeleweka. Kila tukio lilikuwa limepata maelezo yake, hata zile dawa za malaria, ambazo hazikuwa zimeniponya chochote. Nilipona kwa kunywa maji na kulala. Lakini nilipomuuliza daktari nifanye nini sasa, niliingia kwenye ukungu mwingine. Nisibebe vizito. Nisifanye mazoezi ya vyuma. Niepuke miteremko mirefu. Basi nilale? Hapana, nikilala misuli itadhoofika kwa kukosa kazi, na viungo vitakaza. Nitembee, lakini kwa kiasi. Nijinyooshe kila siku. Nipimwe moyo mara kwa mara, maana moyo nao ni msuli.

"Kiasi ni kipi?" niliuliza.

"Ukiumwa kesho yake, ulizidisha."

Nilitaka jibu linalokuja leo. Hakuwa nalo, na hakujifanya kuwa nalo.

Likizo iliyofuata nilikwenda Mitunguu kuwaambia wazazi. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi mbichi za kuchemsha, mikono yake ikiwa imepakwa mafuta ili utomvu usimshike. Nilimweleza kwa Kimeru, na nikaona kwamba lugha yetu haina maneno ya nusu ya mambo hayo, kwa hiyo nilizunguka sana. Nilimwambia kwamba ugonjwa huu hupita kwa wanawake bila kuwaonyesha kitu na kuwashika watoto wao wa kiume.

Aliendelea kumenya.

"Kwa hiyo ni mimi nilikupa," alisema.

"Hukunipa, mama. Ugonjwa ulipita tu."

"Ulipita kwangu."

Mama aliweka kisu chini. Ndipo akaniambia habari za kaka yake, ambazo alikuwa hajanisimulia hata siku moja. Alikuwa kijana mwenye miguu minene aliyependa kukaa. Baba yao alimtuma kubeba magunia ya majani chai kuteremka hadi kituo cha kununulia, na akichelewa alichapwa. Kadiri alivyochapwa ndivyo alivyofanya bidii, na kadiri alivyofanya bidii ndivyo alivyozidi kuanguka. Walimpeleka kwa waombaji. Walimpeleka kwa mganga. Mwishowe alibaki kukaa ukutani juani, na mama, aliyekuwa msichana mdogo, ndiye aliyempelekea maji ya kunywa. Alikufa kwa kifua, walivyosema.

"Tulimuua kwa kazi?" mama aliniuliza.

"Hamkujua."

"Najua hatukujua. Nakuuliza kama tulimuua."

Nilifundishwa sayansi na ninafundisha sayansi, lakini nilichukua tu ndizi nikaanza kumenya, bila mafuta mikononi, na utomvu ukanishika, naye akanipa kitambaa bila kunitazama.

Baba alikuwa mgumu zaidi, si kwa ukali bali kwa sababu macho yake yalimkatalia. Lori lilipokuja nilikaa kwenye kiti kando ya njia. Alinipita na mkungu begani, mzee wa umri wake, akaniangalia miguu.

"Hata ule mdogo?" aliuliza. "Ule pale, ni kama mtoto."

"Hata ule, baba."

Wapakiaji walikuwa wakitazama. Nilihisi uso ukiwaka. Nusu yangu ilitaka kuinuka na kuuchukua, kwa sababu siku hiyo sikuumwa popote na nilijihisi mwenye nguvu kabisa. Huo ndio utata wake: mwili hauniambii hapana wakati wa kazi. Nilishika mikono ya kiti, nikabaki nimekaa.

Walipomaliza, baba alikuja akakaa chini karibu yangu, akafuta jasho kwa kofia.

"Nikikuona umekaa, moyo unakataa," alisema. "Unaniambia kijana ni mzima, na anakaa. Lakini nitazoea. Nipe muda."

Nilimwambia nami sijazoea.

Shuleni walinihamishia darasa la chini, lisilo na ngazi. Ninapofundisha habari za misuli bado nawaambia watoto kwamba mazoezi huiimarisha, kwa sababu kwao ni kweli, ila nimeongeza sentensi moja kwamba miili haifanani, na sijui kama wanaisikia. Moyo wangu hadi sasa uko salama. Mke wangu alisimama tena kanisani na kujaribu kueleza. Watu walisikiliza kwa adabu, na mchungaji akasema tuzidi kumwombea ndugu yetu. Sijui walielewa lipi. Kwenye mteremko wa mtaani kwetu mke wangu hunishika mkono, na majirani huona ni mapenzi tu, na hawajakosea sana.

Jambo ambalo hatujajua namna ya kulishika ni la binti yetu. Daktari alitueleza kwamba mtoto wa kiume nisingemrithisha ugonjwa huu, lakini kila binti yangu lazima aubebe. Huenda usimsumbue sana, ingawa naye atapimwa moyo. Itakuwa habari ya watoto wake, akija kuwapata. Mke wangu anataka tumwambie akiwa mkubwa. Mimi siku nyingine nataka tumwambie kesho, siku nyingine sitaki ajue kamwe. Huwa tunabadilishana misimamo, mpaka tunasahau nani alikuwa upande gani.

Juzi Jumamosi binti yetu alikuja na kamba, akataka kuruka. Hakukuwa na mwenzake. Alifunga ncha moja kwenye nguzo ya lango, akanipa nyingine, na mimi nikaleta kiti nikakaa, nikaanza kuizungusha. Aliruka vizuri, nywele zikipigapiga, akiimba wimbo wa shuleni ambao sikuwahi kuusikia. Mke wangu alitoka mlangoni na beseni la nguo.

"Badilisha mkono," aliniambia. "Huo utachoka."

Nilibadilisha. Nilijiuliza kama kuzungusha kamba ni kazi nzito au nyepesi, kama bega linajikunja tu au linavutwa, na nikatambua kwamba hilo sikumuuliza daktari.

"Baba, haraka kidogo," binti yangu alisema.

Nikaongeza kasi kidogo.